Chao Fan ni Wali wa Kukaanga: Menyu ya Kichina kwa Kiswahili

Sokoni Babati, ukitaja "chainizi" unapewa fungu la mboga za majani zenye mashina meupe, lililopangwa kati ya mchicha na figiri. Jina hilo limetoka kwenye Kiingereza na limeshaota mizizi, liacheni. Lakini orodha ya vyakula vya migahawa ya Kichina, kama ile ya Dar es Salaam na Arusha, ikija kuandikwa kwa Kiswahili, naomba itafsiriwe kutoka Kichina chenyewe. Mambo ya jikoni, Kichina na Kiswahili vinaelewana bila mkalimani wa tatu.

Tuanze na wali. Ukitoka Babati kuelekea Arusha unapita Magugu, na mtu wa Magugu hahitaji kufundishwa kwamba shambani kuna mpunga, mashineni unatoka mchele, na kwenye sahani unapakuliwa wali. Mchina naye anatenganisha vivyo hivyo: mpunga ni dao, mchele ni mi, wali ni fan. Kiingereza cha kila siku hutumia neno moja kwa vyote vitatu, na tafsiri zilizopitia huko ndizo zinazotuletea "mchele wa kukaanga". Chao fan ni wali wa kukaanga. Tena wali unaofaa zaidi ni kiporo, kwa kuwa punje zake zimeshakauka na hazigandani zinaporudishwa karaini pamoja na yai na majani ya vitunguu.

Neno chao ndilo gumu, na ndilo linalobeba nusu ya menyu. Karai linakaa motoni mpaka lianze kufuka moshi. Mafuta kidogo yanamiminwa na kuzungushwa yapake kingo. Vinafuata kitunguu saumu na tangawizi, halafu chainizi iliyokatwa, na kuanzia hapo mkono wa mpishi hautulii: anageuza na kurusha, moto ni mkali, na baada ya dakika chache mboga iko kwenye sahani, mashina yake bado yamekakamaa. Huko si kuunga. Sisi chainizi tunaiunga kwa kitunguu na nyanya, tunafunika, inalainika na kutoa mchuzi. Chao pia si kile kinachofanyika kwenye vibanda vya chipsi, ambako viazi vinazama katika mafuta. Kwa hilo Wachina wana neno jingine, zha. Kiswahili kinasema kukaanga kwa yote mawili, na hata kwa karanga zisizotiwa mafuta kabisa. Kwa hiyo napendekeza chao iwe "kukaanga kwa kugeuza" na zha iwe "kukaanga kwa kuzamisha". Wali na tambi havihitaji nyongeza hiyo, maana yake inajieleza. Kuku anaihitaji sana: mteja wa Babati akisoma "kuku wa kukaanga" anatarajia paja zima lililozamishwa mafutani, kumbe analetewa vipande vidogo vilivyogeuzwa pamoja na pilipili kavu na karanga.

Chao mian ni tambi za kukaanga. Menyu za Kiingereza huliandika chow mein kwa sababu wahamiaji wengi waliolifikisha Marekani katika karne ya 19 walitoka Guangdong, kusini mwa China, nako hutamkwa hivyo. Chakula kingine cha wahamiaji hao ni chapsui. Kwa asili jina lake lina maana ya vipandevipande vilivyochanganywa, na sehemu nyingine za China neno hilohilo ni jina la supu ya utumbo na viungo vingine vya ndani. Tusikiite mseto, kwani mseto tunao, ni wa mchele na choroko. Tuliache neno chapsui kama lilivyo, chini yake tuorodheshe kilichomo.

Kuna mchuzi ambao hutafsiriwa "mtamu na mchungu", na hilo ni kosa la wazi, maana hauna uchungu wowote. Kichina kinauita tangcu, yaani sukari na siki, na mpishi yeyote akisikia hivyo anajua afungue chupa gani.

Limebaki neno rou, na hapa ndipo tafsiri inapoweza kumuumiza mtu. Rou ni nyama. Lakini kwenye menyu ya Kichina, nyama isiyotajwa mnyama wake kwa kawaida ni ya nguruwe. Ya ng'ombe huandikwa niurou na ya kondoo au mbuzi yangrou. Kwetu ni kinyume chake: nyama tupu ni ya ng'ombe. Mfasiri akiandika "nyama kwa sukari na siki" atakuwa ametafsiri neno kwa usahihi na kumlisha Mwislamu wa Babati au Kondoa kitu alichoharamishiwa. Wenye migahawa, kitimoto kiandikwe kitimoto, au nyama ya nguruwe kwa ukamilifu, kwenye kila mstari kinapohusika, kwa herufi zinazolingana na za jina la chakula.