Jicho la Jirani na Cheti: Nani Alimchunguza Mjumbe wa Afya?

Gikundamvura ni mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, katika eneo lililokuwa Mkoa wa Cyangugu hadi 2006. Huko, kama katika vijiji vingine vya Rwanda, mtoto akishikwa na homa, anayempima malaria na kumpa dawa mara nyingi si daktari wala muuguzi. Ni mjumbe wa afya, kwa Kinyarwanda umujyanama w'ubuzima: jirani asiye na leseni, mwenye mafunzo mafupi, anayeingia majumbani mwa watu. Insha hii inauliza ni nani aliyechunguza maisha yake ya nyuma kabla ya kumkabidhi kazi hiyo.

Mpango huo ulianza 1995, mwaka mmoja baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ukiwa na wajumbe wapatao 12,000. Wakati huo rekodi za mahakama zisingesaidia. Majaji wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, na wauaji wengi hawajahukumiwa. Leseni nayo haikuwa dhamana. Gérard Ntakirutimana, daktari wa hospitali ya Mugonero huko Kibuye, alihukumiwa mwaka 2003 kifungo cha miaka 25 na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Kwa hiyo uchunguzi ulibaki mikononi mwa wanakijiji. Humchagua mtu anayeishi nao, anayejua kusoma na kuandika, na anayesifika kwa uaminifu. Utaratibu huu unafanana na uchaguzi wa Oktoba 2001 wa waamuzi wa Gacaca, walioitwa inyangamugayo, yaani watu waadilifu. Hata hivyo, maelfu ya waamuzi hao waliondolewa baadaye kwa kushutumiwa kushiriki mauaji. Jirani anaweza kujua na kunyamaza, kwa hofu au kwa undugu.

Gacaca zilipofungwa Juni 2012, zilikuwa zimesikiliza kesi karibu milioni 2. Leo raia huomba cheti cha rekodi ya jinai kupitia tovuti ya Irembo. Lakini cheti hueleza yaliyofika mahakamani tu.

Kwa kuhitimisha, historia ya Rwanda inaonyesha kwamba kura ya kijiji na cheti cha serikali havitoshi kimoja bila kingine. Mama anayemfungulia mjumbe mlango usiku anastahili vyote viwili.