Bomba hufuata watu: historia ya maji toka Uvira mpaka Baraka

Kila mara mradi wa maji unapotangazwa hapa kwetu Fizi, wakaaji huuliza: robine ngapi, na mtaa gani? Ni haki yao kuuliza. Lakini historia ya maji kwenye pwani yetu ya Tanganyika inatufundisha kuuliza jambo lingine pia: siku pampu itakaposimama, nani atalipa ili ianze tena?

REGIDESO iliundwa kwa dekreti ya tarehe 30 Desemba 1939, wakati wa Wabelgiji. Ilipewa kazi ya maji na umeme. Baadaye umeme ulikabidhiwa SNEL, yenyewe ikabaki na maji. Miji ya wakati ule ilikuwa midogo, na mabomba yalipimwa kwa watu wa wakati ule. Uhuru ulipokuja, miji ikakua, lakini bomba halikukua kwa mwendo uleule.

Kwetu Fizi, si uzazi peke yake ulioongeza watu. Vita vya 1996 viliwavusha maelfu kwenda Kigoma, na wengi wakakaa kambi ya Nyarugusu. Oktoba 2005, HCR ilianza kuwarudisha kwa meli toka Kigoma mpaka bandari ya Baraka. Walirudi na watoto waliozaliwa ng'ambo, wakajenga pale walipopata kiwanja. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi wakaingia, kambi ya Lusenda ikafunguliwa. Oktoba 2021, mapigano ya Bibokoboko yakafukuza watu wetu wa milimani. Wengine waliteremka mpaka Baraka na pembeni yake, wakaacha chemchemi zao huko juu. Kwa hiyo mpangilio kwetu ni huu: mtu anafika kwanza, nyumba inafuata, karatasi ya kiwanja inachelewa, na bomba ndilo la mwisho. Wakati linapofika, nyumba zimekwisha kubanana, hakuna njia ya kupitisha mtaro.

Mji ulio karibu nasi uliopitia jambo hili kwa ukubwa ni Uvira. Maji ya bomba ya Uvira yanatoka mto Mulongwe, yanasafishwa na REGIDESO, yanasukumwa kwa umeme. Umeme ukikatika, pampu inalala. Mama anachukua bidoni, anashuka ziwani au mtoni. Na kolera imekaa kandokando ya ziwa hili tangu miaka ya 1970.

Watafiti waliangalia Uvira kwa miaka ya 2009 mpaka 2014. Waliweka pamoja hesabu mbili: siku ambazo mtambo haukutoa maji, na wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kolera cha hospitali kuu. Utafiti ulitoka mwaka 2015. Walikuta kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile ilifungamana na ukosefu wa maji ya bomba.

Tusome hesabu hiyo polepole. Uvira ilikuwa na mtambo na mabomba tayari. Kilichowalaza watu hospitalini ni kwamba maji hayakutoka kila siku. Tena bomba lililokauka lina hatari yake: maji yakiisha ndani, hakuna nguvu inayozuia uchafu, na matope ya mtaroni huingia kupitia nyufa. Maji yakirudi, yanaubeba uchafu huo mpaka nyumbani.

Baada ya hapo pesa za nje zilipatikana. Shirika la maendeleo la Ufaransa (AFD), Umoja wa Ulaya na Fondation Veolia waliungana na REGIDESO kuongeza nguvu ya mtambo na kupeleka mabomba mbele zaidi. Kazi ilipokuwa inaendelea, usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ukafurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu wakapoteza nyumba, na mitambo ya maji ikaharibika. Mto uleule unaonywesha mji ndio uliovunja bomba lake. Mradi wa maji usiohesabu miti ya mlimani na kuta za kingo za mto umehesabu nusu tu.

Na maji yanayoingia nyumbani lazima yatoke. Bujumbura, mkabala wa Uvira, kuna mabomba ya maji machafu yanayofika kituo cha Buterere. Sisi tunategemea shimo la choo. Kwa nyumba zilizotawanyika, shimo linatosha. Kwa viwanja vilivyobanana karibu na ziwa, ambako maji ya ardhini hayako mbali, mvua kubwa moja inatosha kuchanganya choo na kisima. Bomba kubwa la maji machafu ni ghali, na kwa leo Baraka haiwezi kulijenga. Lakini kuacha nafasi ya mtaro wakati viwanja vinapimwa hakuhitaji mfadhili. Kunahitaji kiongozi anayekataa kuuza njia.

Sasa tuje kwenye pesa. Katiba ya 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilifungua milango: REGIDESO si peke yake tena, na kazi ya maji imeshushwa kwa majimbo, miji, sekta na shefferi. Lakini kazi ilishuka bila mfuko wake. Katiba inaipa kila jimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwake, na sheria ya Oktoba 2008 inazipa miji na sekta asilimia 40 ya fungu hilo. Kila mtumishi wa sekta anajua jinsi retrosesheni inavyofika, inapofika. Kwa upande wa fakitire, serikali yenyewe ni mdeni mkubwa wa REGIDESO kote nchini kwa maji ya ofisi na kambi zake. Mama anayelipa franka zake kwa kila bidoni anabeba pia deni la wakubwa.

Kwa hiyo, mfadhili akija Baraka au akipanda Bibokoboko, tumpokee vizuri, halafu tumuulize, yeye na viongozi wetu pamoja. Bei ya bidoni moja italipa nini: fundi, mafuta au umeme, vipuri? Pesa hizo zitawekwa wapi, na nani atasoma hesabu mbele ya watu kila mwezi? Ofisi zitalipa fakitire zao? Ramani ya viwanja imeacha njia ya bomba na ya mtaro? Na ikiwa waliokimbia watarudi milimani, chemchemi zao ziko katika mpango, au mpango unaishia pwani tu?

Majibu yaandikwe kwenye mkataba kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Uvira ilijua thamani ya siku moja ya maji kwa kuhesabu wagonjwa. Sisi tunaweza kuijua kwa kusoma hesabu yao.