Nasaba ya Hatua Elfu Kumi

Wavaao saa janja siku hizi, zile zihesabuzo mapigo ya moyo na nyendo za miguu usiku na mchana, huamrishwa na saa hizo watimize hatua 10,000 kila siku ili wajikinge na kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, nao aghalabu huipokea amri hiyo kwa utiifu, wakidhani kuwa idadi hiyo imekatwa na matabibu baada ya uchunguzi mrefu. Ukiifuatia nasaba yake, utaikuta dukani.

Chombo chenyewe cha kuhesabu hatua ni cha kale. Leonardo da Vinci alikichora, na Thomas Jefferson, alipokuwa balozi wa Marekani mjini Paris, kabla hajawa rais wa nchi yake, alikuwa nacho na akakitumia. Walakini muradi wake zama hizo ulikuwa kupima masafa ya njia, wala hapana aliyewaza kumpima nacho mtembezi mwenyewe, kwani karibu watu wote walikwenda kwa miguu, wapende wasipende.

Haja ya kumpima mtembezi ilikuja pale kazi za kukaa kitako zilipozidi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 tabibu Jerry Morris wa London, akitafuta sababu ya kuenea kwa maradhi ya moyo nchini Uingereza, aliwaelekea watumishi wa mabasi ya ghorofa mbili ya mji ule, kwa hoja nyepesi yenye werevu mkubwa: kwamba dereva na mkata tikiti husafiri katika gari moja, katika moshi na makelele yale yale, ila mmoja hukaa kitini karibu zamu nzima, ilhali mwenziwe hupanda na kushuka ngazi kutwa akidai nauli. Majibu yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1953, nayo yalionyesha kuwa wakata tikiti walipatwa na maradhi hayo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa yaliwajia katika umri mkubwa zaidi na hayakuwaua kwa wingi ule. Na hali kadhalika ikaonekana kwa wapeleka barua walipolinganishwa na makarani wa posta. Morris, naye hili namsifia zaidi kuliko ugunduzi wenyewe, hakuridhika na ushindi wake, bali mwaka 1956 yeye na wenziwe walizipekua hisabu za sare za kazi, wakakuta kuwa suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za wakata tikiti, hata miongoni mwa vijana, jambo lililozua shaka kwamba huenda wenye miili mizito ndio waliouelekea usukani tangu mwanzo.

Shaka ya namna hiyo haikuwasumbua wafanya biashara wa Japani. Michezo ya Olimpiki ilikuwa imefanyika Tokyo mwezi wa Oktoba 1964, hamu ya mazoezi ikawaingia watu, na mwaka 1965 kampuni ya Yamasa ikatoa kidude cha kuvaliwa kiunoni kilichobeba hizo hatua elfu kumi katika jina lake lenyewe, Manpo-kei, maana idadi kamili ni nyepesi kukumbukwa na kutangazwa. Vyama vya watembezi vikaishika, mtaalamu Yoshiro Hatano akaitetea kwa utafiti wake, na saa na bangili za karne hii, Fitbit ikiwa mojawapo, zikairithi. Mimi siwalaumu wauzaji wale, kwa kuwa tangazo lao huenda limewainua vitini watu wengi kuliko hotuba zetu zote za siha. Lakini tijara ilitangulia, na ilimu ikaja nyuma yake ikihema.

Ilipofika mwaka 2019, I-Min Lee wa Harvard na wenziwe walitoa habari za wanawake wa Marekani zaidi ya 16,000, wenye wastani wa umri wa miaka 72, waliovaa vipimo viunoni kwa siku saba kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliotembea kadiri ya hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na faida ikazidi kupanda hadi karibu na 7,500, ikasimama hapo. Kwa kweli mtu mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ya ugonjwa wake, na hiyo ndiyo shaka ya suruali za madereva imerejea kwa sura nyingine, hata wachunguzi hao wakajitahidi kuiondoa katika hisabu zao.

Basi ewe mzee ambaye saa yako imekuandikia hatua 5,000 na jua limekwisha kuchwa, usiihesabu siku hiyo kuwa ya hasara; na wewe kijana uliyekwisha kuzitimiza 10,000 zako, usidhani kuwa zimekupa ruhusa ya sukari na chumvi.