Walianguka Mazoezini

Mwishoni mwa 1941 Waitaliano walikuwa wameshasalimu amri Gondar, Ethiopia, na hapa Kenya hapakuwa tena na adui wa karibu. Bado vijana wa jeshi la anga la Uingereza, RAF, waliendelea kufa Nakuru, na kuanzia 1942 Nanyuki pia. Hakuna aliyewatungua. Walikuwa mafunzoni.

Miji hiyo ilikuwa na vitengo vya mafunzo, namba 70 Nakuru na namba 72 Nanyuki. Marubani walioletwa huko tayari walijua kuruka. Sasa walifundishwa Blenheim, ndege ya mabomu ya injini mbili yenye watu watatu ndani: rubani, mwelekezi na mpiga bunduki. Ukishafuzu, safari ni vitani.

Hebu fikiria mahali penyewe. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Nanyuki zaidi ya 1,900. Kule juu hewa ni nyepesi. Bawa halipati cha kuegemea, injini inapumua kwa shida, na ndege inakula njia ndefu kabla haijanyanyuka. Blenheim ikizimikiwa na injini moja ndiyo kwanza inaacha ardhi, inavutwa upande wa injini iliyokufa, na rubani ana sekunde chache tu za kuamua. Tena waliounda ndege ile waliweka baadhi ya vidhibiti nyuma ya kiwiko cha rubani, avitafute kwa kupapasa. (Nani alifikiri hilo ni wazo zuri?) Halafu kuna mawingu, na ndani ya mawingu kuna Mlima Kenya, mita 5,199. Wengi wa vijana hao walikuwa na miaka ishirini na kidogo. Rika lako, pengine.

Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto, alijifunza kuruka Nairobi mwaka 1939, akitokea Dar es Salaam alikokuwa akifanya kazi ya kampuni ya mafuta. Anasimulia katika *Going Solo* kwamba walikuwa 16 kozini, na ndani ya miaka miwili 13 walikuwa wamekufa. Katika kikosi kizima cha ndege za mabomu cha RAF, waliokufa vita ile ni zaidi ya 55,000, na maelfu kati yao hawakufia mbele ya adui, walikufa kwa ajali na mazoezi.

Kinachonigusa ni jinsi wanavyokumbukwa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola haiulizi ulikufaje. Pale Nakuru na Nanyuki, aliyeanguka akijifunza kutua ana jina, cheo na tarehe yake, sawa kabisa na aliyepigwa risasi. Mimi naona hiyo ni haki, na sioni sababu ya kuwaonea wivu.

Lakini mimi kwetu ni Sigalame, Samia, huku Busia karibu na mpaka. Pande hizi, kama Magharibi na Nyanza nzima, vita ya 1914 ilichukua watu kwa miguu. Ndio wapagazi wa Carrier Corps, walioacha jina Kariokor pale Nairobi na Kariakoo kule Dar. Walibeba risasi na unga wakimfukuza Mjerumani, wakafa kwa maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Nao pia hakuna aliyewatungua. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo lile swali la ulikufaje halikuulizwa, sawa. Liliulizwa lingine: wewe ni nani?

Na si mambo ya wakoloni peke yao. Jumapili ya Agosti 12, 2012, helikopta za jeshi la Uganda zilivuka mpaka kuja Kenya, zikielekea Somalia. Moja ilifika Garissa. Tatu ziliangukia Mlima Kenya, ule ule. Watu wa moja waliokolewa wakiwa hai; mbili zilikutwa zimeteketea. Hawakuwa wamefika vitani bado. Hapa mpakani, ambako boda boda ilizaliwa na watu wana shangazi Uganda na mjomba Kenya, mtu akianguka angani hatuulizi kwanza ni wa upande gani.

Ukienda Nanyuki wikendi, pitia pale makaburi ya vita. Soma majina, soma na umri. Ukirudi Nairobi simama Kenyatta Avenue, kwenye sanamu ya askari ya 1928. Wako watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Zunguka umtafutie jina.