Faraja Chini ya Minazi: Bagamoyo Wakati wa Vita vya Mrima, 1888–1890

Baada ya dhiki, faraja. Methali hii aghalabu hutamkwa dhiki ikishapita, na msemaji amekwisha kukaa barazani kwake akinywa kahawa. Kwa watu wa Bagamoyo, katika miaka ya 1888 na 1889, mpangilio huo haukuwezekana. Dhiki ilikuwa haijaonyesha mwisho, na faraja ilibidi itafutwe ndani yake, tena kwa vipande vidogo vidogo: kivuli cha mnazi, ua lililofunguliwa lango, beti za utenzi zenye kutaja majina ya marehemu. Vita vile vimeandikwa sana kwa majina ya manowari na makamanda. Faraja zake hazikuandikwa kwa wingi huo, ilhali ndizo zilizowawezesha waliobaki hai kuendelea kuwa watu.

Kabla ya vita, Bagamoyo ilikuwa lango la bara. Misafara kutoka Tabora na Ujiji ilishukia hapo, Wanyamwezi wakiwa na pembe mabegani, na majahazi yakavusha mali hiyo hadi Unguja. Jina lenyewe la mji lina tafsiri mbili zinazoshindana. Wako wasemao kuwa ni mpagazi aliyeona bahari akaambiwa aubwage moyo wake, yaani apumzike, safari imekwisha. Wengine husema ni mtumwa aliyeambiwa auache moyo wake pwani, kwani mwili wake haukuwa wake tena. Mji uliobeba maana zote mbili ulikuwa umezoea kuona raha ya mmoja ikikaa jirani na msiba wa mwingine.

Mwezi wa Aprili 1888, Seyyid Khalifa bin Said alitia saini mkataba uliowapa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki haki ya kusimamia Mrima na kutoza ushuru wa bandari zake kwa jina la Sultani. Mawakala wa Kampuni walipoingia mijini mwezi wa Agosti, hawakuingia kama wasimamizi wa forodha tu. Pangani, wakala Emil von Zelewski aliwaudhi watu katika siku zile zile za Idi ya Hija. Bagamoyo ugomvi ulihusu bendera ya Sultani, nani aipandishe na juu ya nyumba ya nani. Kwa majumbe wa pwani, bendera na ushuru havikutengana na heshima. Aliyenyang'anywa kimoja alijua kuwa vyote vimekwenda.

Tarehe 22 Septemba mapigano yalizuka Bagamoyo, na manowari Leipzig ikateremsha askari wa majini. Mwezi wa Desemba manowari za Kijerumani na za Kiingereza zikaanza kuizingira pwani, zikisema zinazuia silaha na biashara ya watumwa. Bushiri bin Salim al-Harthi, mwenye mashamba ya miwa kule Pangani, naye akaja na jeshi lake akauweka mji katika hali ya kuzingirwa upande wa bara. Bahari ilifungwa na nchi kavu ikafungwa. Kati ya pande hizo mbili walikuwamo wavuvi, mafundi, wakulima wa pembezoni, wajane na watoto, ambao hapana aliyewauliza juu ya mkataba wowote. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Walikimbilia wapi? Wengi walielekea kaskazini ya mji, kwenye shamba la misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Misheni hiyo ya Kifaransa ilianzishwa mwaka 1868, na katika miaka ishirini ilikuwa imepanda minazi na miembe kwa wingi, ikajenga kanisa, shule na kijiji. Chini ya miti hiyo, maelfu ya watu walitafuta hifadhi. Wakristo walikuwa wachache miongoni mwao. Waliokuja walikuwa Waislamu wa mjini na watu wa vijiji vya jirani, na walikuja kwa sababu mahali hapo palikuwa hapajashika bunduki.

Kuna jambo katika hifadhi hiyo linalostahili kutazamwa kwa makini. Wenyeji wa kijiji cha misheni walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu waliokombolewa utumwani: watoto walionunuliwa sokoni au kuokolewa majahazini, wakakuzwa chini ya kengele ya mapadre na nidhamu kali isiyowaachia uhuru mwingi. Mji uliokuwa ukiwatazama kama watu wasio na ukoo sasa ulikuja na mikeka na vyungu vyake kulala katika kivuli cha miti waliyoipanda wao. Aliyekuwa hana kwao akawa mwenyeji, na mwungwana akawa mgeni. Vita havikufuta tofauti za ungwana na utumwa, lakini kwa miezi kadhaa vilizipindua juu chini, na hapana ushahidi kuwa wageni walifukuzwa kwa kulipiza kisasi.

Hifadhi hiyo isingesimama kama Bushiri asingeiheshimu. Padre Étienne Baur, mkuu wa misheni, alikuwa na maelewano na pande zote mbili, na Bushiri alikubali kuwa eneo lile lisishambuliwe. Thamani ya neno hilo huonekana mtu akilitazama tukio la Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwezi wa Januari 1889, misheni ya Wabenediktini, waliokuwa Wajerumani, ilishambuliwa. Watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa. Hivyo Bushiri hakuwa malaika, wala hakuwa yule mnyama aliyechorwa na magazeti ya Ulaya. Alikuwa mtu wa vita aliyejua kuwa hata vitani kuna lango ambalo halivunjwi.

Mwezi wa Mei 1889 ulikuwa mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1306. Hermann von Wissmann alikuwa amekwisha kufika na jeshi la askari wa Kisudani na wengine waliotoka Msumbiji, na tarehe 8 alilivamia boma la Bushiri la Nzole, nje kidogo ya Bagamoyo. Wengi waliuawa. Bushiri alitoroka, akapigana miezi mingine, akashikwa, na tarehe 15 Desemba akanyongwa Pangani. Watu waliokuwa chini ya minazi walirudi mjini wakakuta dola nyingine. Faraja waliyoipata haikuwa haki, na haifai kuitwa haki. Iliwahifadhi roho zao tu, ili wawepo siku ya kuidai.

Faraja ya namna nyingine ilitoka kaskazini, upande wa Tanga. Huko Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi aliyetunga pia Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Mwaka wake ni 1307 wa Hijria, ulioanza Agosti 1889, maana yake ni kuwa wino ulikuwa ukikauka wakati damu nayo ilikuwa haijakauka. Mtunzi alikuwa upande wa walioshindwa. Alichokifanya ni kuichukua bahari ile ile iliyozoea kubeba habari za Mtume na masahaba, yenye mizani nane na kina cha mwisho kisichobadilika, akaibebesha habari za Pangani na Bagamoyo. Kwa wasikilizaji wake hilo halikuwa jambo dogo. Msiba uliokuwa ukizunguka mitaani kama kelele na uvumi ulipewa mpangilio, ukapewa majina, ukapewa nafasi katika safu ya misiba mikubwa ambayo waumini walikuwa wameisikia tangu utotoni wakajua kuwa haikuimaliza dunia. Utenzi hauwezi kumrudisha aliyenyongwa. Unaweza kuhakikisha kuwa aliyemnyonga si msimulizi pekee.

Kijana wa Dunda, jirani na Bagamoyo, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini hivi wakati wa vita, alishika kazi nyingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika namna watu wake wanavyozaa na kulea, wanavyosoma chuoni, wanavyooa, wanavyocheza ngoma na wanavyozika. Maandishi hayo ndiyo kiini cha Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten kule Ujerumani mwaka 1903. Mtoro mwenyewe alikwenda kufundisha Berlin, akafia huko mwaka 1927. Msomaji wa kurasa zake hukutana na mji ulioendelea kumfunda mwari na kumtaja marehemu kwa taratibu, juu ya kuwa bendera ilikuwa imebadilika.

Saadani nako, Bwana Heri bin Juma, aliyepigana baada ya Bushiri kufa, alifanya sulhu mwaka 1890 akaruhusiwa kurudi kuujenga mji wake. Na Bagamoyo, mtoto aliyeletwa kutoka Manyema akiwa mtumwa alikua akasoma, akawa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, khalifa wa Kadiria ambaye waungwana walikaa mbele yake kusomeshwa. Alipofariki mwaka 1931, watu wa miji mingi ya Mrima walikuwa wamekwisha kuzoea kwenda Bagamoyo kwa ajili ya zikri. Walifika kwa miguu na kwa majahazi, wakiingia katika mji ule ule ambao zamani mtumwa alikuwa akiamriwa auache moyo wake, na aliyewapokea mlangoni alikuwa mmoja wa walioamriwa hivyo.