Ubao Huu Ulikuwa wa Nani?

Saa tatu kamili asubuhi, tumesimama mbele ya skrini kama watoto wa gwaride. Bosi anashuka na orodha ya tiketi: "Hii mbona bado iko katikati?" Kila mtu anajitetea. Dakika 15 zinakuwa saa nzima. Huo ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini Nairobi, na nilidhani sprinti ndiyo hiyo: unakimbia wiki mbili, kisha unaulizwa mbona hukukimbia zaidi.

Nikaanza kufuatilia mambo haya yalitoka wapi.

Ubao wetu una asili ya Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mhandisi wa Toyota, Taiichi Ohno, alileta kadi zilizoitwa kanbani. Bila kadi, hakuna kutengeneza kipuri kingine. Yaani kadi ilikuwa breki, isiyoruhusu kazi irundikane. Na mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro, alikuwa na haki ya kuvuta kamba laini isimame. Hebu jaribu hiyo ofisini kwako.

Mwaka 1986, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika kwamba timu bora hazipokezani kijiti. Husonga pamoja zikipasiana mpira, kama raga. Kutoka hapo Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakapata jina Skramu, wakaiwasilisha kwa wataalamu wa programu mwaka 1995. Sprinti ya Schwaber ilikuwa siku 30, na ndani yake mtu wa nje hakuruhusiwa kuongeza kazi. Ilikuwa ukuta wa kuilinda timu.

Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika Ilani ya Ajaili. Jambo la kwanza walilotanguliza? Watu na maelewano yao, kabla ya taratibu na zana.

Mwaka uliofuata zana ikaja. Kampuni ya Atlassian ya Australia ilitoa Jira, jina lililokatwa kutoka Gojira, yaani Godzilla kwa Kijapani. Ilianza kama programu ya kufuatilia hitilafu, baadaye ikabeba na ubao. Hapo ndipo mambo yaligeuka. Karatasi za ukutani huonwa na waliomo chumbani. Tiketi ya kompyuta ina jina lako, tarehe na saa, na mkubwa aliye mbali anaweza kuichora grafu bila kukuuliza lolote.

Waanzilishi wenyewe waliona. Mwaka 2011 Mwongozo wa Skramu uliacha kuiita kazi ya sprinti ahadi, ukaiita makadirio. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17, aliandika kwamba huenda ndiye aliyebuni pointi tunazopimiwa, na kama ni yeye, anajuta.

Basi asubuhi moja zamu yangu ilipofika, sikujitetea. Nilisema, "Nimekwama tangu juzi, na tiketi mbili zimeongezwa katikati ya sprinti. Tutoe ipi?" Kimya. Mwenzangu akasema hata yeye amekwama. Bosi aliitazama skrini kwa muda, akairudisha tiketi moja nyuma.

Moja tu. Lakini siku hiyo kamba ilivutwa, na hakuna aliyefutwa kazi.