Nguvu ya Kupandia na Nguvu ya Kushukia

Anayetaka injini ya turbo huuliza swali moja kabla ya mengine yote: itatoa nguvu farasi ngapi? Linaulizwa California, linaulizwa Nagoya, linaulizwa Chapwa. Ila Chapwa ni kata ya mji wa Tunduma, kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na gari linalofika hapo kutoka Mbeya limeshapita Iwambi, Mbalizi na mlima Senjele, sehemu ambazo wasomaji wa magazeti wanazijua kwa habari za malori yaliyofeli breki. Kwa hiyo hapa swali la farasi ni nusu tu ya swali. Likishapanda kwa nguvu hiyo, gari litashuka limeshikwa na nini?

Kupandikiza injini ya turbo pamoja na gia boksi ya oto kwenye gari lililozaliwa bila hivyo viwili ni kazi inayofanywa dunia nzima. Kila nchi ina sababu zake, na sababu hizo huonekana ukifunua boneti. Ninavyoona mimi, sisi tumeiga mila isiyotufaa na kuiacha ile inayotufaa.

Turbo, kwa historia yake, inaujua mlima vizuri. Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905, lakini jaribio lililowashangaza watu lilifanywa mwaka 1918 na Sanford Moss wa General Electric. Alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari. Injini iliyokuwa ikitoa nguvu farasi 350 chini ilitoa 230 hivi kule kileleni. Ilipofungwa turbo ikatoa 356. Moss hakuwa ameongeza kitu cha maana. Alirudisha kile ambacho mlima ulikuwa umekichukua.

Kwetu kimo ni kidogo zaidi lakini hesabu ni ileile. Uyole, sehemu ya juu kabisa ya reli ya TAZARA, iko karibu mita 1,790. Kwa kimo hicho hewa imepungua uzito kwa asilimia 16 hivi, na injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hapo. Dereva aliyelizoea gari lake kule chini Kibaha akifika Uyole hudhani filta imeziba. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini anayetaka turbo kwa hiyo hatafuti sifa. Anadai haki yake ya hewa.

Wamarekani waliipeleka turbo kwingine. Mila yao ya kuongeza nguvu ilikulia kwenye maziwa makavu ya California na kwenye chumvi ya Bonneville kule Utah, ardhi iliyolala kama meza, kisha ikahamia kwenye mashindano ya robo maili. Robo maili haina mteremko. Ndiyo maana gia boksi ya oto ina heshima kubwa huko. Powerglide ya Chevrolet ilitoka mwaka 1950 ikiwa na gia mbili tu za kwenda mbele, na hadi leo inafungwa kwenye magari ya mashindano, kwa sababu tokikonveta, kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, inalitoa gari mstarini kwa namna ileile kila mara, na dereva haachii mafuta ili akanyage klachi, hivyo turbo haipotezi pumzi katikati ya gia mbili. Breki kwao ni za kusimamia baada ya ushindi, na wenye magari yenye kasi zaidi huongeza parachuti nyuma. Sijaona parachuti itakayofunguka Senjele.

Wajapani wana milima, na hapo ndipo mambo yanapogeuka. Barabara zao za kona za milimani, wanazoziita touge, ndizo zilizomlea Keiichi Tsuchiya, dereva aliyeifanya drifti ijulikane duniani. Mwaka 1996 Toyota ilitoa Mark II na Chaser za kizazi cha 100. Toleo la juu, JZX100 Tourer V, lilikuwa na injini ya 1JZ-GTE: silinda sita, lita 2.5, turbo moja, nguvu farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe kutokitangaza zaidi ya hapo, mapatano yaliyodumu hadi mwaka 2004. Lilipatikana kwa gia za mkono au kwa oto ya gia nne, A341E. Vijana wa touge walioangukia gari la oto walianza kwa kuishusha gia boksi hiyo na kuweka ya mkono. Inasemwa ni kwa ajili ya drifti, na ni kweli. Lakini pia mtu anayeshuka mlima kwa kona anataka gia imshike, na tokikonveta ambayo haijajifunga hulegeza mshiko huo.

Gia boksi walizozitoa, pamoja na nusu za mbele za magari yaliyokatwa, zimeingia kwenye masoko ya spea ya Afrika Mashariki: Gerezani na Ilala, Grogan ya Nairobi, Kisekka ya Kampala. Na huku gari la kuzipokea lipo tayari. GX100, ile Mark II ya lita 2 isiyo na turbo iliyojaa barabarani kwetu, ni bodi moja na JZX100. Kiwanda kilishachora maunti za injini zote mbili, kwa hiyo fundi hana haja ya kuchomelea chesisi wala kubuni chochote. Anashusha injini na gia boksi kwa pamoja, anapandisha nyingine kwa pamoja, anapima propela.

Ugumu uko kwenye nyaya. Kontrol boksi ya injini ndiyo inayoiamuru oto ibadili gia, na inahitaji kujua pedali ya mafuta imekanyagwa kiasi gani na propela inazunguka kwa kasi gani. Ikikosa taarifa moja, gari linaruka gia au linagoma kutoka gia ya kwanza, na mteja anaambiwa gia boksi imekufa wakati kilichokufa ni waya mmoja. Fundi makini hununua injini, gia boksi, kontrol boksi na wayaringi yake ikiwa haijakatwa hata mahali pamoja. Jambo la pili ni joto. Oili ya oto hupozwa ndani ya rejeta ya gari, na anayebakiza rejeta ndogo ya injini ya lita 2 ameunganisha magonjwa mawili: siku ya kupanda na mzigo, maji na oili ya gia boksi vitachemka pamoja. Rejeta ya oili peke yake, iliyofungwa mbele inakopita hewa, huumaliza ubishi huo.

Mila inayofanana na hali yetu kuliko zote iko Australia, na ndiyo tunayoisoma kidogo kuliko zote. Huko mila hii si ya mashindano. Wana Land Cruiser, vumbi, mizigo na safari ndefu zisizo na gereji njiani. Gari wanalolihangaikia ni lilelile tunaloliita mkonga, lenye injini ya 1HZ: dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo, iliyoanza mwaka 1990 na ambayo kila fundi kutoka Tunduma hadi Sumbawanga anaweza kuifungua. Waaustralia wamekuwa wakiifunga turbo kwa miaka mingi, na wameandika inavyokufa. 1HZ huchoma mafuta kwanza ndani ya chemba ndogo kwenye silinda hedi, na mgandamizo wake ni zaidi ya 22 kwa 1. Ukiisukumia hewa nyingi na kufungulia pampu ya dizeli bila kipimo, joto la ekzosti hupanda, hedi hupasuka karibu na vali, pistoni huanza kuyeyuka. Kwa hiyo huridhika na msukumo mdogo, pauni 8 hadi 10 kwa inchi ya mraba, na hufunga kipima joto ndani ya ekzosti, kabla ya turbo, ili dereva aachie mafuta sindano inapokaribia nyuzi 700.

Kipima joto hicho ndicho kitu ninachokitafuta kwanza kwenye mkonga uliofungwa turbo hapa kwetu, na mara nyingi sikioni. Fundi wetu hupima kwa moshi na kwa sikio. Sikio lake ni zuri kuliko langu, lakini halisikii nyuzi 700.

Kwa gia boksi, Waaustralia walikuwa na njia mbili. Ya kizamani ni kuchukua oto kama A440F, inayoongozwa na shinikizo la oili pamoja na kebo ya mafuta, isiyohitaji kontrol boksi kubwa. Ya kisasa ni oto ya gia tano au sita yenye kompyuta yake. Vyovyote iwavyo, kazi ikiisha mhandisi mwenye kibali huja na mwongozo wa taifa wa marekebisho ya magari, VSB 14, akapima, akaangalia na breki, akasaini. Mwaka 2023 Toyota yenyewe ikaanza kuuza Land Cruiser 70 yenye dizeli ya turbo ya lita 2.8 na oto ya gia sita. Kiwanda kilifika mahali ambapo wenye gereji walikuwa wameshafika.

Hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo, kwa sababu kuna hesabu ambayo tangazo la gari haliitaji. Turbo hufanya kazi pale injini inapochoma mafuta kwa nguvu. Ukiachia mafuta na kuanza kushuka, turbo haina la kufanya, na kinachobaki kulishika gari ni ukubwa wa silinda, msuguano na gia uliyochagua. Injini ya lita 2.8 inayopanda kama ya lita 4.2 au zaidi haishuki kama ya lita 4.2. Dizeli ndogo huzidi kuwa hafifu, kwa kuwa nyingi hazina mlango wa kuzuia hewa kama za petroli. Ukiongeza tokikonveta isiyojifunga, umepunguza mshiko mara mbili kwenye gari ambalo sasa linafika juu ya mlima na mzigo mkubwa kuliko zamani. Ndiyo sababu namshauri mwenye mkonga anayesafiri Mbeya na Tunduma aitunze 1HZ yake ya lita 4.2 na kuipa turbo ya unyenyekevu, badala ya kuitoa na kuweka injini ndogo yenye sifa kubwa.

Malori yanayopita Chapwa yameshajibu swali hili kwa njia yao. Volvo ilianza kuuza lori la dizeli ya turbo mwaka 1954, na leo semi inayoelekea Zambia au Kongo bila turbo ni ya kutafutwa. Nyingi pia ni za oto. Lakini oto ya I-Shift ya Volvo, iliyoanza mwaka 2001, au Opticruise ya Scania, haina tokikonveta kama ya Mark II. Ni gia boksi ya klachi ambayo kompyuta inaibadilisha kwa niaba ya dereva, kwa hiyo magurudumu na injini vimeungana moja kwa moja. Juu ya hapo kuna breki ya ekzosti, na malori mengine yana ritada ya kuyapunguza kasi mteremkoni. Mhandisi wa Uswidi aliyempa dereva nguvu farasi 500 za kupandia alimpa pia kitu cha kushukia. Dereva wa semi anayetoka kwenye lori kama hilo na kupanda GX100 yake yenye 1JZ anabeba tabia ya mguu ambayo gari dogo haliwezi kuitii. Sheria ya zamani ya madereva, shuka kwa gia uliyopandia, inafanya kazi kwenye A341E pia, ila ni lazima uitafute kwa mkono: zima ovadraivu, rudisha hadi 2, usingoje gari likuamulie.

Mila yetu ina fadhila yake, nayo inafanana na ya Suame Magazine, eneo la gereji kule Kumasi, Ghana, na ya Havana, ambako Chevrolet za miaka ya 1950 hutembea kwa dizeli zilizotoka kwenye magari mengine kabisa. Mcuba anauliza kipi kinapatikana. Fundi wa Tunduma anauliza swali gumu zaidi: likiharibika Laela, njia ya Sumbawanga, au Mpika kule Zambia, nani atalifungua? Kwa kipimo hicho injini isiyo na kompyuta hushinda iliyo nayo, na woga wetu wa zamani dhidi ya oto si ujinga. Gari la oto haliwashwi kwa kusukumwa, na kulivuta na magurudumu yote chini kwa umbali mrefu huiunguza gia boksi, kwa sababu pampu ya oili haizunguki injini ikiwa imezimwa. Pungufu letu ni karatasi. Namba ya injini mpya hubaki bila kurekebishwa kwenye kadi hadi siku ya kuuza, au siku ambayo ofisa mpakani anafungua boneti. Na fundi aliyegundua ni waya upi unaoifanya oto ikwame hauandiki popote. Akihama, gereji inaanza upya.

Kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji mhandisi wala kibali. Toyota ilipoweka 1JZ-GTE kwenye bodi ile ya Mark II iliweka pia breki kubwa zaidi kuliko za GX100. Ziko kwenye nusu ileile iliyokatwa, zimening'inia pembeni ya injini ambayo mteja ameifuata, na muuzaji huzitoa na kuziuza kando kwa sababu hakuna aliyeziulizia. Mwenye GX100 wa Chapwa azilipie pamoja na hubu zake, zifungwe siku hiyohiyo, kabla injini haijawashwa kwa mara ya kwanza.